Corona mwaka mmoja, UKIMWI miaka arobaini, eti njama

Juzi kijiweni hapa Mtwara, kahawa hata haijapoa, jamaa mmoja wa mitumba kaanza: "Corona chanjo ndani ya mwaka, UKIMWI miaka arobaini hakuna kitu, wazungu wanatuficha." Wazee wakatikisa vichwa, kweli kweli. Kashata ilinikwama.

Nikamwambia: mjomba, wewe Mmakonde, lipiko wa ngoma unalijua. Mtu kavaa sinyago, kajifunika nguo mwili mzima, anakukimbiza kumbe ni baba yako mdogo. Kirusi cha VVU ndo hivyo hivyo, ila chenyewe kinabadilisha sinyago kila kikizaliana, maana kikijinakili kinakosea hovyo na hakina wa kusahihisha, halafu juu kimejifunika sukari za mwili wako mwenyewe, kinga ikipita inaona huyu ndugu. Mpaka mwili utengeneze kingamwili ya kukikaba kile cha mwezi jana, kishavaa sura nyingine. Na hapo ni ndani ya mtu mmoja! Marekani na Ulaya imetawala aina B, kusini mwa Afrika C, sisi Tanzania tuna A, C, D na machotara wao.

Bibi yangu kule Newala alikuwa ananiambia usiangalie sura, angalia anavyokanyaga. Wanasayansi nao wakafanya kibibi bibi, wakatafuta sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha sana, pale kinaposhikia seli ya CD4, yule askari wa kinga kinayemvamia. Kingamwili inayoitwa VRC01 inakamata hapo hapo. Watu zaidi ya 4,600 wakaingia kwenye majaribio, dripu ya kingamwili hiyo ikiwa tayari, kila wiki 8, Mbeya yetu ikiwemo, majibu yakatoka 2021: kwa ujumla haikuzuia maambukizi. Ila kwa vile virusi vinavyoisikia vizuri, ilizuia kama asilimia 75. Shida vya hivyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vinazunguka huko. Vilivyobaki hata mwendo vimebadilisha, bibi angechoka.

Haya, moja nakubali, msije mkasema nimelipwa: tafiti nyingi za mwanzo zilikomaa na B ya kwao wakati watu wanakufa huku. Hilo linauma.

Na mtu asiache ARV kwa stori zangu, zile hazina shida na sinyago, zinapiga mitambo ya ndani.

Jamaa alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga funda, akauliza: "Sasa hayo wewe kakwambia nani, si hao hao?" Nikalipa kahawa, na yake, nikaondoka.