Ndoo ya Utafiti Iliyotoa Supu

Anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, hasa upande wa Maji ya Chai, hahitaji mtaalamu wa kumweleza floraidi ni nini, kwa kuwa huiona kila jirani yake anapocheka. Mlima ule ni wa volkeno, miamba yake ina floraidi tele, na maji yanayopita humo, yakiwa na magadi mengi na kalsiamu kidogo, huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi na visima. Mtoto akiinywa kwa wingi meno yake huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mtu akiinywa kwa miaka mingi hata mifupa yake inaweza kupinda. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na anayechemsha maji akidhani anaiondoa huwa anaizidisha, maana maji hupungua na floraidi ikabaki palepale sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, ikijua hali ya visima vyake, iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushusha kiwango chake.

Nilikuwa msaidizi katika mradi mmoja wa utafiti uliolenga kuiondoa floraidi hiyo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia yenyewe si ya kubahatisha. Mfupa huivuta floraidi na kuishika, na ndiyo sababu hiyohiyo inayoifanya iwadhuru walio hai. Sisi tuliona ni heri ishikwe na mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kuliwa kuliko wa mwanafunzi wa darasa la pili. Mifupa huunguzwa ndani ya tanuri lenye hewa kidogo, kwenye nyuzijoto kati ya 400 na 500, kisha husagwa, huchekechwa, huoshwa na kujazwa kwenye ndoo yenye koki. Ukiiunguza kupita kiasi unapata kitu cheupe kisichoshika floraidi vizuri. Ukiiunguza pungufu, floraidi itashikwa, lakini mabaki ya mafuta na nyama hayataungua yote, na hapo ndipo yalipotupata.

Siku shehena ya mifupa ilipofika kutoka machinjioni, mbwa wa kata nzima walifika pia, na wakakaa nje ya uzio kwa utulivu na nidhamu ambayo sijapata kuiona katika semina yoyote. Tuliwasha tanuri jioni. Ilikuwa Julai, na baridi ya Meru mwezi huo haina mzaha. Usiku kazi ilibaki mikononi mwa mlinzi, mtu mwaminifu sana, aliyeagizwa kusoma kipimajoto kila saa na kuandika katika daftari. Asubuhi daftari lilionyesha nyuzi 450 saa mbili usiku, nyuzi 450 saa sita, nyuzi 450 saa kumi alfajiri. Kiongozi wa mradi alifurahi, akasema hajawahi kuona tanuri tulivu namna ile hata alipokuwa akisoma Ulaya. Vigunzi vya mahindi vilivyopangwa vizuri kando ya ukuta havikumshughulisha mtu. Baadaye sana ndipo mlinzi alipoeleza, bila kinyongo chochote, kwamba alikuwa akichota makaa ya tanuri kwa koleo na kuyahamishia kwenye jiko lake, na kwamba ile 450 aliambiwa yeye mwenyewe jioni kuwa ndiyo inayotakiwa, kwa hiyo akaiandika.

Mkaa uliosagwa ulionekana mweusi wa kutosha. Maji yaliyopita ndani yake tuliyapima, na floraidi ilikuwa chini ya 1.5 kwa tofauti nzuri. Hakuna aliyeyaonja, kwa sababu ukutani mwa maabara palibandikwa tangazo linalokataza kula, kunywa na kuonja, na sisi tulikuwa watu wa kufuata taratibu. Kifaa chetu kilipima floraidi. Hakikupima nyama.

Mkutano wa hadhara uliitishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Kabla ya yote palizuka hoja ya mifupa, ambayo nasema ilikuwa hoja ya haki kabisa.

"Hii mifupa ni ya nani?" aliuliza mama mmoja aliyekaa safu ya mbele.

"Ni ya ng'ombe, mama," nilijibu.

"Nani kati yenu aliyeiona ikiwa bado ng'ombe?"

Shehe aliungana naye, na mchungaji aliungana na shehe, jambo ambalo mwenyekiti wa kijiji alisema halikuwa limetokea tangu wakati wa mgogoro wa shamba la makaburi. Tulikuwa tumejiandaa. Nilitoa barua ya machinjio yenye muhuri, ikapita mkono kwa mkono hadi nyuma na kurudi, ikiwa imesomwa na wachache na kutazamwa muhuri na wote, na hapo amani ikapatikana.

Heshima ya glasi ya kwanza alipewa mzee mmoja wa mila. Kiongozi wa mradi alifungua koki mwenyewe huku akieleza kwamba maji haya sasa ni salama na hayana ladha yoyote. Mzee alivua kofia, akanywa funda moja, akanyamaza. Akanywa la pili. Kisha akamaliza glasi yote, akaipangusa midomo kwa kiganja, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini lakini iliyofika mbali, "imepikwa vizuri. Chumvi tu imepungua. Na kama kuna ndimu, leta."

Glasi ya pili ilipewa mwenyekiti, ambaye kwa wadhifa wake alijitahidi kusema "maji", akashindwa, akasema "makongoro". Baada ya hapo foleni haikuwa tena ya watu waliohamasishwa kuhusu afya ya meno. Kijana mmoja aliuliza chapati ziko wapi. Mama lishe wa pale njia panda alitaka kujua ndoo moja inatoa bakuli ngapi kabla ya kubadilishwa mkaa, na ninakiri kwamba katika maswali yote ya siku ile hilo ndilo lililokuwa la kitaalamu zaidi, kwa kuwa mkaa wa mifupa kweli huchoka ukishajaa floraidi, na mradi ulikuwa umepanga nusu ya bajeti yake kulijibu. Ndoo iliisha kabla ya hotuba ya shukrani.

Awamu iliyofuata tanuri lililindwa na wanafunzi wawili wenye jiko lao wenyewe. Mkaa ulitoka mweusi sawasawa, na safari hii tuliwapa watu wa nje ya maabara waonje kabla ya mkutano: maji hayakuwa na harufu, hayakuwa na ladha, floraidi ilikuwa chini kabisa. Tuliyapeleka kijijini kwa fahari. Yule mzee alikunywa funda moja, akaitazama glasi kwenye mwanga, akamrudishia kiongozi wa mradi kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

"Daktari," alisema, "mmeichakachua."

Haikupita muda tukapokea barua ya serikali ya kijiji, iliyogongwa muhuri mkubwa kuliko ule wa machinjio, ikiomba kwa heshima na taadhima kwamba ndoo ya kwanza irejeshwe na iwekwe zahanati kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Niliagizwa kuandika majibu. Nilieleza kwamba mkaa wa awamu ile ulikuwa na kasoro za kiufundi na ulikwisha kufukiwa nyuma ya maabara kwa kufuata taratibu. Sikueleza kwamba mbwa walikwisha kuufukua.