Tupunguze Wapi Messiah ya Krismasi?

Kila mwaka, msimu wa korosho unapoelekea ukingoni na mvua za kwanza zinapoanza kupiga bati la ukumbi wetu wa mazoezi hapa Shangani, Mtwara, mjadala uleule huibuka katika kwaya: je, ni haki kuikata Messiah, kazi ndefu ya kwaya na waimbaji wa pekee iliyotungwa na Handel, ili itoshee katika tamasha la Krismasi ambalo tunashiriki na kwaya nyingine tatu? Safari hii mwalimu wa kwaya amependekeza vipande vitano tu, vyote vya kuimbwa na kwaya nzima, ilhali baadhi ya wazee wa besi wanataka sehemu ya kwanza iimbwe yote, bila kuachwa hata kipande kimoja.

Wanaotaka kupunguza wana hoja ambayo haipuuziki. Kazi nzima huchukua takribani saa mbili na nusu. Kati ya sehemu zake tatu, ni ya kwanza peke yake inayohusu unabii na kuzaliwa kwa Kristo. Ya pili ni mateso na ushindi wake, na ya tatu ni ufufuo wa wafu. Ilipoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, Krismasi ilikuwa imekwisha pita zamani. Handel mwenyewe hakuifanya kuwa kitu kisichoguswa, kwani alibadilisha vipande kulingana na waimbaji aliowapata, na wimbo wa soprano unaomwita binti Sayuni afurahi aliufupisha kwa mkono wake. Ongeza hapo hali yetu: wapo wanaorudi Mikindani usiku, wapo waliokuwa mashambani Newala na Tandahimba hadi juzi, na nota za solfa za kazi ndefu kama hii hazishikiki kwa wiki sita.

Hata hivyo, ninapoitazama ile orodha ya vipande vitano, naona kimeondolewa kitu ambacho hakikupaswa kuguswa. Charles Jennens, aliyepanga maneno ya kazi hii kutoka Biblia, hakumpa Handel mkusanyiko wa nyimbo nzuri zisizohusiana. Karibu yote ni unabii, zaburi na mafundisho; mahali pekee ambapo tukio la Injili linasimuliwa likitendeka ni pale wachungaji wanapolinda kundi lao usiku, katika Luka sura ya 2. Masimulizi hayo ni mafupi mno, yote kwa pamoja hayafiki dakika mbili, na huimbwa na soprano mmoja. Katika mpangilio unaoimbwa zaidi siku hizi, sauti hiyo ya pekee haijasikika kabisa mpaka hapo. Kisha malaika wanaimba utukufu kwa Mungu, na tarumbeta zinasikika kwa mara ya kwanza. Handel aliandika kwamba zipigwe kana kwamba zinatoka mbali. Ukiyaondoa masimulizi kwa sababu kwaya haina la kufanya humo, malaika wanaimba bila kuwapo aliyewaona wakija, na msikilizaji aliyekuja na watoto wake kusikia habari ya Bethlehemu anakosa habari yenyewe.

Pendekezo la kukata ndani ya kipande linanisumbua zaidi. Katika wimbo wa Isaya 9:6, “Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa”, sauti huingia moja baada ya nyingine kwa utulivu, kisha wote hupaza yale majina, Mshauri wa ajabu, Mungu mwenye nguvu. Jambo hilo hutokea mara nne. Waliopendekeza libaki mara moja wanaona marudio; mimi naona habari inayopita kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inapokea kwa furaha kubwa kuliko iliyotangulia. Isitoshe, waimbaji wa teno na besi, ambao ndio hulalamikia ugumu wake, wakishaimudu mara ya kwanza hukuta mengi ya mbele wanayatambua.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kupunguza, lakini kwa kuacha vipande vizima, na kwa kuufuata mstari wa habari badala ya umaarufu wa nyimbo. Kuanzia Isaya 9:6, kupitia wachungaji na malaika, hadi wimbo wa kwaya unaofunga sehemu ya kwanza kwa maneno ya Mathayo 11:30 kuhusu nira iliyo laini, ni kama dakika 20. Nyimbo za besi kabla ya hapo, pamoja na uzuri wake, zinaweza kusubiri mwaka ambao tutakuwa na mwimbaji wa kuzibeba.

Inabaki Haleluya, ambayo watu huisubiri hata kama hawajui kingine chochote cha Handel. Maneno yake yanatoka katika Ufunuo, na mahali pake ni mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko. Kuiweka mara baada ya malaika ni kuuruka msalaba. Sitaki tuinyime hadhira. Naomba tu iimbwe peke yake mwishoni mwa tamasha, kwaya zote nne zikiwa zimesimama pamoja, baada ya msomaji kutamka Ufunuo 19:6 ili ijulikane inaimbwa kwa ajili gani.