Mchungaji na manusura wa ukatili: msamaha uhimizwe lini?

Aliyevamiwa, kupigwa au kubakwa mara nyingi humkimbilia mchungaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Wapo wataalamu wa afya ya akili wanaoliona hilo kuwa hatari: kiwewe kiachiwe waliokisomea. Wapo wachungaji wanaojibu kwamba jeraha la roho haliponi kwa saikolojia.

Wachungaji wana hoja nzito. Manusura huuliza, "Mungu alikuwa wapi?" na si rahisi kulijibu swali hilo kwa vidonge. Mchungaji anaweza kumfungulia Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, akamwonyesha kwamba kumlalamikia Mungu nako ni kusali. Tena humtembelea hata baada ya mwaka, wengine wakiwa wameshasahau.

Lakini kanisa huumiza zaidi palepale penye nguvu yake: msamaha. Ukimwambia wiki ya kwanza "samehe ili upone", mtu ambaye bado anashtuka mlango ukigongwa husikia kwamba hofu yake ni dhambi, akaanza kuigiza amani. Kushtuka, ndoto za kutisha na kukwepa mahali pa tukio ni mwili unaojihami. Haviondoki kwa kukemewa. Katika 2 Samweli 13 Tamari alibakwa, kisha kaka yake Absalomu akamwambia anyamaze. Alibaki katika hali ya ukiwa nyumbani mwa kaka huyo. Anayesema "tuyamalize humu kanisani" anamtenda manusura vivyo hivyo.

Kosa jingine ni kumtaka asimulie yote siku ya kwanza. Tafiti za kikao kimoja cha kusimulia tukio mara tu baada ya kutokea hazikuonyesha kwamba kinazuia kiwewe, na baadhi ya watu kiliwadhuru. Rafiki zake Ayubu walikaa naye kimya siku 7. Walikosea walipoanza kumfafanulia mateso yake.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe kifupi. Je, usiku huu ana mahali salama? Amefika hospitali? Aliyebakwa anahitaji kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito, hivyo maombi ya mkesha yasimcheleweshe. Aketi anapouona mlango. Aulizwe kabla ya kuwekewa mikono, na asilazimishwe kufumba macho, kwani mguso wa ghafla unaweza kumrudisha kwenye tukio. Habari zake zisitajwe kwenye maombi ya pamoja bila ridhaa yake.

Dalili zikivuka mwezi mmoja, apelekwe kwa mtaalamu; akitaja kujiua, siku hiyohiyo. Matibabu ya kiwewe, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 12, hulirudia tukio kwa hatua, na kozi fupi ya ushauri haimwandai mchungaji kwa kazi hiyo. Yeye aendelee kumtembelea.

Msamaha usubiri hadi manusura aulize mwenyewe. Hapo aelezwe wazi kwamba anaweza kusamehe na bado akatoa ushahidi mahakamani, na kwamba halazimiki kukutana tena na aliyemtenda.