Kano Haioti Sugu

Juzi nimemsikia fundi akimwambia kijana anayejifunza kazi, "Vumilia, mkono utazoea." Kijana alikuwa akikata waya kwa koleo tangu asubuhi, na kila baada ya muda anasimama, anaubonyeza mkono pale gumba linapoanzia.

Utazoea! Kinachozoea ni ngozi, inaota sugu. Kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, haioti sugu. Zile kano mbili zinazolivuta gumba nje hupita pamoja ndani ya ala moja, ubavuni mwa kifundo cha mkono, kama nyuzi mbili kwenye tundu moja la sindano. Mkono ukinyooka, zinateleza. Ukiinamisha kifundo upande wa kidole kidogo huku gumba limekaza mpini, zinakwaruzana na ukingo wa ala, tena na tena mpaka jioni. Ala inanenepa, tundu linazidi kuwa finyu. Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi, aliyaandika haya mwaka 1895. Sisi bado tunavumilia.

Mimi nilivumilia pia, miezi mitatu na bisibisi, mpaka nikashindwa kufungua chupa ya maji. Siku nilipofumba gumba ndani ya ngumi na kuiinamisha chini, niliruka kutoka kitini kwa maumivu.

Haya, nakubali: wapo waliofanya kazi hii miaka arobaini wasiumwe. Hongera zao. Na si vyombo tu; mama mwenye kichanga huyapata maumivu haya kwa kumnyanyua mtoto mchana na usiku. Naye tumwambie mkono wake ni laini?

Kosa liko kwenye pembe. Koleo la mipini iliyonyooka, ukilielekeza mbele, linakukunja kifundo utake usitake, na kifundo kilichokunjwa kinapoteza nguvu ya kushika, kwa hiyo unabana zaidi. Koleo la mipini iliyopinda lipo. Bora chuma kipinde kuliko wewe. Huna? Geuza kile unachokikata. Ukishaumwa, lipumzishe gumba: bandeji ya kifundo inayoliacha gumba huru ni pambo.

Fundi alipotoka nikaugeuza ubao wa yule kijana, koleo likaingia kwa ubavuni na mkono wake ukanyooka. Aliporudi akaniuliza nani amenituma nimdekeze mwanafunzi wake. Akaurudisha ulivyokuwa.