Kwanza nione ninachokigusa

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nachapa orodha ya wakulima wa chama kimoja cha msingi huku Tandahimba: namba, jina, kilo. Nilitumia Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi. Kulikuwa na mistari ishirini iliyojirudia, nikabonyeza d20j. Amri hiyo hufuta mstari wenye kishale pamoja na ishirini iliyo chini yake, yaani 21; mmoja wa ziada ukaenda nisijue. Siku ya malipo mzee mmoja akasimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Mwanangu, korosho nimezifikisha ghalani, stakabadhi hii hapa. Mbona jina langu halimo?"

"Shikamoo baba. Nipe dakika."

Jina lilikuwemo kwenye daftari la mkono, kwa hiyo alilipwa. Ila sura yake sijaisahau.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba anayeshughulika na majina na fedha za watu atumie programu ya kuhariri inayoanza na kuchagua. Vim, iliyotoka mwaka 1991, ilirithi kwa mtangulizi wake, vi, desturi ya kutaja kitendo kwanza, halafu mahali. Kakoune na Helix, programu nyingine za kuhariri, zimegeuza: unachagua, eneo linakolea rangi, ndipo unaamuru. Najua Vim nayo ina V ya kuchagua mistari, na gv ya kurudisha chaguo la mwisho. Lakini mle ni hiari, na mwenye haraka huiruka.

Utamu wa Helix niliuona kwenye kilo. Mwandishi wa awali alitenganisha desimali kwa mkato, nami nilitaka nukta. Nikabonyeza % kuchagua faili zima, kisha s, nikaandika alama ya mkato na Enter. Mikato yote ikawaka kwa mpigo. Hapo jicho likanasa mkato uliokuwa katikati ya jina la mtu, si kwenye kilo. Kwa mabano ya kufunga nikatembea chaguo hadi chaguo mpaka nikaufikia, nikautoa kwa Alt na mkato. Iliyobaki nikaibadilisha kwa r na nukta. Ningetumia amri ya kubadilisha faili zima bila kutazama, jina lile lingeharibika na nisingejua.

Wanaosema kuchagua kwanza kunapoteza muda wanahesabu vibonyezo tu, hawahesabu foleni ya wazee mlangoni.

Kwenye seva za watu bado nakutana na vi au Vim, maana ndizo zilizomo. Ikiwa ni Vim, nabonyeza V, nashuka taratibu, nahesabu mistari iliyokolea, ndipo d.