Joto la jua chini ya ardhi: Okotoks kilifeli nini hasa?

Kuna mtaa wa nyumba 52 huko Okotoks, kusini kidogo mwa Calgary nchini Kanada, tangu 2007 ulikuwa unapata joto la winta kutoka kwenye jua la kiangazi, halafu 2024 ikatangazwa mfumo unazimwa na nyumba zinahamia kwenye gesi. Watu wakadaka hapohapo, si tulisema sola haiwezi baridi. Mi sikubaliani nao, japo kuna mahali wana hoja.

Walichofanya ni hiki: sola za kupasha maji karibu 800 juu ya mapaa ya gereji, na kiangazi kizima joto lake linashushwa kwenye visima vyembamba 144 vya mita 37 kwenda chini, juu wakafunika wakazuia joto lisitoroke, wakarudishia udongo, ukipita unaona bustani tu. Huko chini kiangazi kikiisha panafika mpaka nyuzi 80, winta ikiingia maji yanazungushwa humohumo yanapanda na joto mpaka majumbani. Ardhi ilichukua miaka kadhaa kushiba joto, ila msimu wa 2015/16 jua lilibeba mahitaji yote ya kupasha nyumba, asilimia 100! Na ni sehemu ambayo baridi inashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri jamani. Kwa hiyo ardhi ilifanya kazi yake. Kilichochoka ni vifaa vya juu, vingine vilitengenezwa maalum kwa mradi huo, spea zikawa shida, na matengenezo ya namna hiyo nyumba 52 hazina ubavu wa kuyalipia wakati Alberta, jimbo la Okotoks, gesi iko tele na bei yake ni ndogo.

Hoja yao ya kweli ni hii, sehemu kubwa ya joto unaloshusha halirudi, linapotelea kwenye udongo, na hifadhi ikiwa ndogo ndio inapoteza zaidi. Ndio maana mi naangalia Vojens kule Denmaki, wenyewe wana bwawa lililofunikwa la maji ya moto, mita za ujazo kama 200,000, linalisha mtandao wa mabomba wa mji mzima na kampuni ni ya watumiaji wenyewe, gharama ya fundi inagawanywa kwa watu wengi.

Kwa mtaa mpya wa nyumba 50 leo ningesema wafunge hiti pampu, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ni rahisi na mafundi wapo. Mji wenye mabomba yake ya joto tayari, hapo wachimbe hifadhi tu.