Nani alipie makao ya wazee England?

Hoja ya serikali inaeleweka upesi: kwa nini kijana anayeishi nyumba ya kupanga akatwe kodi ili mzee mwenye nyumba ya thamani asiiguse? Julai 2024 waziri wa fedha, Rachel Reeves, alifuta mpango wa kuweka ukomo wa pauni 86,000 kwa matunzo ambayo mtu angeyalipia maishani. Fedha hazipo, alisema. Na ni kweli kwamba ukomo ule ungewanusuru zaidi wenye mali.

Lakini wanaolalamika husemwa vibaya, kana kwamba wanalilia urithi tu. Wanacholalamikia ni bahati nasibu. Ukiugua saratani, NHS, huduma ya afya ya umma, inakutibu bila kukudai. Ukianza kupoteza kumbukumbu, ukawa wa kuvishwa, kulishwa na kuangaliwa usiku kucha, hayo kwa wengi huitwa matunzo, si matibabu, na bili ni yako. Mwaka 2011 tume ya mchumi Andrew Dilnot kuhusu gharama za matunzo ilikadiria kuwa kati ya watu kumi wenye miaka 65, mmoja atakutana na gharama zinazozidi pauni 100,000. Hatari ya namna hiyo ndiyo kazi ya bima, ila kampuni za bima zimeikimbia.

Kinachokera zaidi ni kizingiti chenyewe, yaani kiasi cha mali kinachoamua nani asaidiwe na halmashauri kulipia makao. Mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 hulipa ada yote. Kiasi hicho kilikuwa hivyo mwaka 2010, na mwaka 2025 kilikuwa hivyo hivyo, huku bei za kila kitu zikipaa. Walio chini yake nao hawapumui: kwa kila pauni 250 zinazozidi 14,250, halmashauri, inapopanga utakacholipa, inakuhesabia kipato cha pauni moja kwa wiki. Mwenye akiba ya 20,000 ana ziada ya 5,750, kwa hiyo anaandikiwa pauni 23 kwa wiki, yaani 1,196 kwa mwaka. Hiyo ni riba ya karibu asilimia 21! Benki gani inayolipa hivyo? Mzee anakula akiba yake, na karatasi zinasema ni kipato.

Watetezi husema hakuna anayelazimika kuuza nyumba akiwa hai, kwani halmashauri inaweza kumkopesha ikajilipa baadaye. Sawa, ila mkopo huo una riba, na hii ni ya kweli.

Kufutwa kwa ukomo naweza kukuelewa. Kizingiti kilichogandishwa sikielewi, maana Wales, ng'ambo tu ya mpaka, akiba ya mtu haiguswi mpaka ivuke pauni 50,000.